Namba ya Pili

Katika historia yote ya mtaa ule, hakuna aliyewahi kumsikia Kamusi akiuliza maana ya neno. Wengine ndio waliomuuliza yeye. Barua za kuomba kazi zilipita kwake, mialiko ya harusi ilipita kwake, hata mzozo wa wazee wawili juu ya namna ya kuandika jina la marehemu kwenye kaburi ulikwisha kwake, kwa kalamu nyekundu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, akastaafu, na kalamu ile haikustaafu. Ilikaa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, ikiwa tayari kwa lolote.

Kwa hiyo siku alipoingia dukani kununua alamu ya wezi, hakuingia kama mteja. Aliingia kama mkaguzi. Alisimama mlangoni, akasoma kibao, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona koma mahali pasipo pake, ndipo akakubali kukaribishwa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema muuzaji nyuma ya meza.

"Marahaba." Kamusi alimtazama juu ya miwani. "Si wewe ni Maswali?"

"Ni mimi."

Maswali! Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, darasa la tano, kwa sababu mtoto yule aliuliza kila kitu mara tatu. Siku moja alimsimamisha ukutani kipindi kizima cha hesabu ili ajifunze kuelewa mara moja kama watoto wa watu. Sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye sare ya kampuni na mbele yake masanduku meupe yamepangwa kama mabweni siku ya ukaguzi.

"Wamewaingilia, Mwalimu. Nimesikia. Pole sana."

"Ahsante. Walipita mlango wa nyuma, saa tano asubuhi, jua linawaka." Kamusi alishusha sauti. "Wamechukua redio, pasi, mtungi wa gesi, na saa ya ukutani niliyopewa siku ya kuagwa."

Hakusema kwamba mwizi alipita mbele ya kabati la vitabu na hakugusa hata kimoja. Hilo lilimuuma kuliko saa.

Maswali alitoa fomu. Ilikuwa na maneno kumi na tisa, kila neno na kisanduku chake cha kutia alama ya vema. "Huu ndio utaratibu wetu. Kabla hujanunua nakueleza kila neno la alamu, ukielewa unatia vema. Watu wananunua vitu wasivyovijua, halafu nyumbani vinawageuka."

"Mimi unanieleza maneno?"

"Utaratibu, Mwalimu. Hata daktari nilimweleza."

"Haya, endelea," alisema Kamusi, akachomoa kalamu nyekundu.

Akaelezwa. Kihisi mwendo ni kile kijicho cha ukutani kinachojua mtu akipita. Kanda ni sehemu za nyumba, kila sehemu na namba yake, ili ujue mwizi yuko jikoni au sebuleni. Muda wa kuingia ni zile sekunde unazopewa ukifungua mlango, ubonyeze namba ya siri kabla king'ora hakijalia. Ulinzi wa sehemu ni kuwasha alamu ya milango huku vihisi vya ndani vimelala, ili mwenye nyumba atembee kwake usiku bila balaa. Kila Maswali alipouliza, "Tumeelewana?" Kamusi alijibu, "Bila shaka," akatia vema. Vile visanduku vilivyojaa wekundu vilimpa raha ya zamani.

Walipofika neno la kumi na moja, msiba ukatokea. Kamusi aliona kwamba kampuni imeandika "kingora" bila kile kialama chake, si mara moja bali mara sita. Akainama kusahihisha. Maswali alikuwa akisema jambo kuhusu namba ya shuruti, kwamba kila nyumba huwa na namba ya kwanza ya kila siku na ya pili ambayo, Mwalimu tafadhali nisikilize hapa, hii ya pili ni nzito. Kamusi alikuwa kwenye kosa la nne.

"Umeelewa hapo, Mwalimu? Namba ya pili? Au nirudie?"

Alikuwa na nafasi. Mteja mwingine, kijana mwenye helmeti ya pikipiki mkononi, alikuwa amesimama pembeni akisubiri zamu. Kamusi alimtazama kijana, akamtazama mtoto aliyemsimamisha ukutani, akaona itakuwaje akisema neno "rudia."

"Binti yangu," alisema, "shuruti ni neno la darasa la sita." Akatia vema.

Chini ya fomu palikuwa na mstari: Nimeelezwa na nimeelewa. Aliweka saini. Maswali alimpa pia kijitabu chembamba chenye maneno yote na maana zake, Kamusi akakisukuma kumrudishia kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha chakula kisicho na chumvi.

*

Fedha zilikuwa za mkewe. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na zamu yake ya kupokea mchango wa wauguzi ilikuwa imefika mwezi ule. Alikuwa ameipangia bati la jikoni. Akaitoa kwa alamu, na akasema mara moja tu, wala si kwa ukali: "Nimetoa hii ili nikiwa zamu nisikae roho juu."

Fundi wa kampuni alifunga vitu vyake asubuhi moja, akamwomba Kamusi achague namba mbili, akaondoka. Jioni Kamusi akaitisha familia sebuleni. Walikuwa watatu. Mkewe, bado na sare. Binti yao kitindamimba, kidato cha tatu, ambaye alikuwa na kipaji cha kuuliza jambo pale tu lilipokuwa halitakiwi. Na shemeji.

Shemeji alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, fundi seremala, na alikuwa amekaa chumba cha nyuma mwaka wa pili sasa, tangu afiwe na mke na nyumba ya kupanga imshinde. Alikuwa mtu wa maneno machache na vumbi jingi la mbao. Funguo hakuwa nazo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hapaswi kuwa nazo. Hazikuwahi kutolewa, basi. Akiwahi kurudi, alikaa kwenye ngazi ya mlango na sanduku lake la vifaa, akisubiri mwenye nyumba. Na tangu wizi utokee, Kamusi alikuwa ameuliza mara mbili mezani, bila kumtazama mtu, ni nani hasa aliyetoka mwisho kwa mlango wa nyuma siku ile. Mara zote mbili shemeji aliacha kutafuna.

"Namba ya kwanza," alitangaza Kamusi, "ni ya wenye nyumba. Mama, na wewe hapo unayecheka, ishikeni kichwani, msiiandike." Akainong'ona masikioni mwao kama siri ya serikali.

Kisha akachana karatasi, akaandika juu ya goti, akaikunja mara mbili, akamkabidhi shemeji.

"Hii ni ya kwako peke yako."

Shemeji aliifungua. Mbili zilizofuatana mara nne, nyepesi kushika, na chini yake: Namba yako. Itunze. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno matatu yanavyohitaji.

"Kwa hiyo naweza kuingia nikija," alisema. "Hata kama hampo."

"Si ndiyo maana ya namba?" alisema Kamusi. Ufunguo mpya nao akampa. Shemeji akatoa rula yake ya kukunja, ile ya mbao, akaiweka karatasi katikati na kuikunja rula juu yake, akairudisha mfukoni.

"Baba," alisema kitindamimba, "kwa nini ya mjomba ni tofauti?"

Kamusi alikuwa ametafakari jambo hilo peke yake, na akili yake iliyonyooka ikampa jibu lililonyooka. Kampuni imetoa namba mbili. Nyumba ina watu wa aina mbili. Kuna ya kwanza na kuna ya pili. Lakini jibu hilo halikuwa la kusemwa mbele ya shemeji aliyekuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wizi.

"Ni mambo ya kiufundi," alisema. "Nenda kasome."

*

Aibu ya kwanza ilikuja alfajiri ya pili, nayo ilikuwa ndogo, ya majaribio. Mkewe alikuwa na zamu ya asubuhi. Aliamka, akapita sebuleni kwenda kuoga, na kile kijicho cha ukutani kikamwona. King'ora kikalia mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Majirani walitoka, mmoja na fimbo, mmoja na mwiko, na mwenyekiti wa mtaa na taulo.

Kamusi alitoka barazani kwa mwendo wa heshima, mkono juu.

"Ni zoezi, ndugu zangu! Zoezi la mwezi!"

"Baba, tumeinunua juzi," kitindamimba alisema nyuma yake. "Mwezi umetoka wapi?"

Ndani, mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono kifuani. "Niambie ukweli. Ulielewa ulichonunua?"

"Mke wangu, unaniuliza hivyo mimi?"

"Si kuna namna ya kuwasha milango tu? Muuguzi mwenzangu kwake ipo."

"Ipo, ipo. Nilikuwa nawapima."

Usiku uliofuata hakuwasha chochote, ila alikaa na kile kisanduku cha vitufe saa nzima, akikitazama kama mtahini anavyotazama karatasi ambayo mwanafunzi ameandika kwa lugha ya kigeni. Kijitabu kingemsaidia. Kijitabu kilikuwa dukani.

Lakini mtaa hauoni ya ndani. Mtaa uliona mwanamume aliyefanya zoezi alfajiri, kwa mpango, kwa sauti ya amri, na ukavutiwa. Majirani kadhaa nao walikuwa wakifikiria kununua alamu. Mwenyekiti akaja mwenyewe: "Mwalimu, kabla hatujatoa hela, tufundishe haya maneno. Dukani wanatuchanganya." Ikapangwa Alhamisi, saa nane mchana, darasa la nne katika shule yake ya zamani. Mtu mwingine angeugua siku hiyo. Kamusi alipiga pasi suruali, pasi ya kuazima.

*

Walifika watu kumi na watano, wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Kamusi aliandika ubaoni: ISTILAHI ZA ALAMU. Akapigia mstari. Aliwapa kihisi, akawapa kanda, akawaeleza muda wa kuingia kwa mfano wa mtoto aliyechelewa anayepewa sekunde thelathini kabla ya bakora. Watu wakacheka. Ukumbi ulikuwa wake. Alikuwa karibu kusema kwamba mengine watayasoma wenyewe, ndipo simu yake ikalia, na kwenye kioo likatokea jina la kampuni ya ulinzi.

Ndugu msomaji anaweza kudhani kwamba mtu mwenye busara angetoka nje kupokea. Kamusi aliona ni zawadi ya mbinguni. "Sikilizeni wenyewe jinsi wanavyofanya kazi," alisema, akabonyeza sauti ya juu, akaiweka simu mezani.

"Mwalimu, naongea na wewe nikiwa barazani kwako. Mimi ni kiongozi wa doria. Uko salama?"

"Salama kabisa. Nina darasa."

"Namba ya shuruti imebonyezwa nyumbani kwako dakika kumi na moja zilizopita. Tumeingia, tumemkuta mwanamume mmoja. Ana nyundo, patasi na mtaimbo, alikuwa ameshaung'oa mlango wa nyuma. Tumemlaza chini. Anasema yeye ni shemeji yako na namba ulimpa wewe."

Darasa zima lilimgeukia.

"Mwalimu," mama mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono, na ni vigumu kueleza jinsi mkono ule ulivyokuwa mrefu, "namba ya shuruti ndiyo ipi? Hujatufundisha."

"Mwalimu, unanisikia?" simu ilisema. "Namuuliza aliyempa namba ni nani, anasema ni wewe. Mwenye akili zake hawezi kumpa mtu namba hiyo ya kuingilia. Ulimpa?"

Alijua wakati ule ule kwamba kuna kosa, na kwamba ni lake. Hakujua ni kosa gani, ila alilijua kama mtu anavyojua harufu ya kuungua kabla hajaona moshi. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi. Ndiyo. Lakini baada ya ndiyo lingefuata kwa nini, na baada ya kwa nini ule mkono wa dawati la mbele bado ulikuwa juu.

"Mimi," alisema Kamusi, akinyoosha mgongo, "siwezi kumpa mtu namba ya shuruti. Mshikilieni hapo hapo. Nakuja."

"Huyo ndiye Mwalimu!" alisema mwenyekiti. Wawili watatu wakapiga makofi. Kisha wote wakasimama kumsindikiza, maana somo lilikuwa limepata sehemu ya vitendo.

*

Waliteremka barabara kama darasa linaloenda ziara, Kamusi mbele. Mtu mmoja alimuuliza kama shemeji alikuwa na tabia hizo tangu zamani. Kamusi alisema tusihukumu mapema. Mwenyekiti akasema ndiyo hivyo, ukikaa na mtu ndani humjui.

Shemeji alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya baraza, mikono imefungwa nyuma kwa mkanda wa plastiki, shavu kwenye saruji. Vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nywele. Mlinzi mmoja alisimama karibu naye kiasi kwamba kiatu chake kiligusa sikio. Sanduku la vifaa lilikuwa limemwagwa, misumari imesambaa mpaka kwenye maua. Watoto wa jirani walikaa juu ya ukuta, safu nzima, miguu inaning'inia.

Mke wa Kamusi alikuwa amefika kabla yao. Kitindamimba naye alikuwa amekuta mambo yameanza, begi la shule mgongoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na swali.

"Mfungueni," muuguzi alikuwa akisema. "Nawaambia huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Mfungueni."

"Mama, tumekusikia, lakini mwenye mkataba ni Mwalimu, na Mwalimu amesema hakumpa." Kiongozi wa doria alimwona Kamusi, akapiga saluti. "Huyu hapa."

Shemeji aligeuza uso kidogo, kadiri shingo ilivyoruhusu. Kwanza aliona viatu, kisha suruali iliyopigwa pasi.

"Nilikusikia," alisema taratibu. "Simu yao ilikuwa na sauti kubwa."

Kamusi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Umeme ulikatika karakana, nikawahi. Nikabonyeza namba, kikanyamaza vizuri. Nikasema leo niurekebishe ule mlango wa nyuma, bawaba ndizo zilizompa mwizi nafasi. Nilinunua bawaba. Zile pale." Zilikuwa pale kweli, pea mbili mpya, bado kwenye karatasi ya duka. "Shemeji, waambie tu. Karatasi ninayo."

"Karatasi gani?" aliuliza kiongozi wa doria.

"Kwenye rula."

Mlinzi alimpapasa mfukoni, akatoa rula ya mbao, akaikunjua. Karatasi ikaanguka. Kiongozi aliiokota akaisoma kwa sauti, kwa sababu watu wa kazi zile husoma kila kitu kwa sauti: "Mbili, mbili, mbili, mbili. Namba yako. Itunze."

Hakuwa na haja ya kuonyesha mwandiko. Ile kalamu nyekundu waliijua. Nusu ya watu waliosimama pale walikuwa nayo kwenye madaftari yao ya zamani, mwenyekiti akiwemo, tatu juu ya kumi, Ongeza bidii.

"Huu ni mwandiko wa nani?" mkewe aliuliza, ingawa alikuwa akiutazama.

Watu walisimama wima kama darasa mwalimu wa zamu anapopita dirishani. Tofauti ni kwamba safari hii mwalimu ndiye aliyekuwa ndani.

"Wangu," alisema Kamusi.

Mkanda wa plastiki ukakatwa. Kiongozi wa doria, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliona ni wajibu wake kutoa elimu. "Mwalimu, namba hii si ya kuingilia. Mtu akikuwekea kisu shingoni akakwambia zima alamu, unabonyeza hii. Alamu inanyamaza, mwizi anafurahi, kumbe kwetu imelia. Sisi tunakuja tukijua ndani kuna mtu ametekwa, na yeyote asiye mwenye nyumba tunamlaza. Ndiyo sababu tulimlaza. Dukani hawakukueleza?"

"Kumbe!" walisema watu watano kwa pamoja.

Na wote waliokuwa wakimtazama Kamusi waliona jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona: mtu yule alikuwa akiisikia maana ya neno lile kwa mara ya kwanza, kama wao.

"Hebu," alisema mkewe. Sauti yake ilikuwa ile ya zahanati, ya kumwambia mtu akae kitako kabla ya sindano. "Ulidhani ni namba ya nini?"

"Tuongee ndani."

"Yeye hakulala ndani. Ulidhani ni ya nini?"

Kamusi alitazama watoto juu ya ukuta. Alitazama misumari. "Nilidhani," alisema, "ya kwanza ni ya... ya wenye nyumba. Na ya pili ni ya watu wa... wa pili."

"Watu wa pili ndio akina nani?"

Shemeji alikuwa amepiga magoti, anaokota misumari mmoja mmoja, akiipuliza mchanga. Kitindamimba alivua begi, akapiga magoti kando ya mjomba wake, akaanza kuokota naye. Majirani wakakumbuka kwamba wana shughuli. Kuondoka kwao kulikuwa kwa adabu sana, bila hata mmoja kumuaga mwalimu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya.

Shemeji alimaliza mlango jioni ile. Alifunga bawaba zote mpya, akaujaribu mara tatu, akafagia vumbi. Kamusi alimshikia taa, kwa kuwa aliombwa na mkewe, au tuseme aliamriwa. Wanaume wawili walifanya kazi saa nzima, na maneno yaliyosemwa yalikuwa mawili: "juu" na "chini."

*

Kesho yake asubuhi Kamusi alikwenda dukani. Hakusoma kibao. Maswali alikuwa na wateja watatu, wawili wao walikuwa dawatini Alhamisi. Kulikuwa na benchi, akakaa mwisho wa benchi, akasubiri zamu kama watu.

Zamu ilipofika, Maswali alitoa fomu ya zamani kwenye faili. Vema kumi na tisa, nyekundu. "Kingora" sita, zilizosahihishwa.

"Tuanzie wapi, Mwalimu?"

"Mwanzo."

Akaanza mwanzo. Safari hii kalamu ilikaa mfukoni. Walipofika ulinzi wa sehemu, Maswali alieleza mpaka mwisho, kisha akamtazama. Alikuwa na msemo uliokuwa wa Kamusi, wa kila kipindi, wa miaka thelathini na minne. Hakuwahi kutokea mtoto mwingine aliyeuitikia, kwa sababu wote walijua lililompata aliyewahi kuuitikia, naye alikuwa amesimama sasa nyuma ya meza na sare ya kampuni. Aliusema taratibu, bila kucheka.

"Asiyeelewa anyooshe mkono."

Mbele ya majirani wawili na kijana mmoja mwenye kifurushi, Kamusi alinyoosha mkono.

"Rudia hapo," alisema. "Tafadhali."

Akarudiwa. Aliondoka na kijitabu kifuani, pale palipokaa kalamu, na kwa kuwa mfuko ulikuwa mmoja, kalamu ilibidi aishike mkononi njia nzima.

*

Siku hizi alamu ya nyumba ile haina kosa. Milango huwashwa, vihisi vya ndani hulala, muuguzi anapita alfajiri kwenda kuoga na mbwa wa mtaa wa pili hawana habari. Kamusi anajua kila kitufe. Namba ya kwanza alimwandikia shemeji kwa penseli, kwenye karatasi safi, akamwekea mezani kwake chini ya rula. Karatasi iko pale mpaka leo, rula ndiyo iliyoondoka.

Kila siku saa kumi na moja jioni, pengine na nusu, lango hulia kidogo, kisha hatua, kisha sanduku la vifaa likitua kwenye ngazi.

"Hodi."

Ufunguo anao mfukoni. Kila mtu anajua anao.

Jana Kamusi alikuwa bafuni, peke yake nyumbani, sabuni mpaka masikioni. Aliisikia. Alingoja kidogo, kama mtu anayetumaini kwamba ni ya jirani.

"Hodi."

Alitoka na taulo, akateleza sebuleni, akafungua mlango. Alamu ikaanza kuhesabu sekunde zake. Akakimbia kwenye kisanduku, vidole vikateleza kwa povu, akakosea, akabonyeza tena. Ng'ambo ya barabara mwenyekiti alikuwa akimwagilia maua yake, akageuka kwa heshima kutazama ukuta. Shemeji alisubiri kwenye ngazi mpaka kikanyamaza kabisa. Ndipo akapangusa viatu.

"Namba si ipo mezani, shemeji," Kamusi alisema, akihema.

"Kichwa changu hakishiki namba siku hizi, Mwalimu."

Zamani alimwita shemeji.

Alipita, sanduku begani, akaelekea chumba cha nyuma. Kamusi alibaki katikati ya sebule, maji yakimdondoka kwenye zulia. Neno alilijua. Lina herufi nane. Alikuwa amelisahihisha kwenye madaftari maelfu, kila mtoto aliyelikosea alimfanya aliandike mara hamsini.

"Shemeji," aliita.

Hatua zikasimama kwenye ujia. "Naam, Mwalimu."

Povu lilikuwa limeanza kumwingia jichoni.

"Ule mlango wa nyuma," alisema Kamusi, "unafunga vizuri sana."

"Ahsante," ilisema sauti kutoka ujiani, na mlango wa chumba cha nyuma nao ukafungwa, vizuri sana.